Gari Jeusi na Maji ya Jana

Kabla ya kuligusa gari lile jeusi, Kioo alikuwa akivua mkanda. Halafu saa. Halafu pete, ambayo kwa jinsi kidole kilivyonenepa ilihitaji sabuni na dua. Mwisho alivua shati lenye vifungo, akavaa fulana kuukuu iliyolegea kwapani. Fundi cherehani, aliyekuwa na kibanda chake mkabala na geti, hakuchoka kumtania.

"Leo unaoga wewe au linaoga gari?"

"Sote wawili, fundi. Ila mkubwa anatangulia."

"Na mkeo anajua kama umeoa wa pili?"

"Anajua. Tena huyu wa pili hanuni."

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Kioo, kwa sababu wanawake waliokuwa wakienda kazini walizoea kusimama kando ya gari lake na kuviweka sawa vitambaa vyao vya kichwani kwa kujitazama mlangoni. Yeye hakukasirika. Aliwaomba jambo moja tu: watazame, wasiguse.

Mchana alikuwa dereva wa ofisi. Gari la ofisi lilikuwa jeupe, limezeeka, na alipenda kusema kwamba gari jeupe lina huruma. Unalikwaruza leo, kesho limeshakusamehe. Jeusi halisamehi. Jeusi ukilifuta vumbi na kitambaa kikavu mara moja tu, likitoka juani utaona vijimstari vyembamba vimelizunguka jua kama utando wa buibui, na vitakaa hapo vikikutazama. Kivulini huvioni. Kivulini kila gari jeusi ni zuri.

Kwa hiyo aliliosha kwa sheria zake. Kwanza maji mengi ya mpira, ili vumbi lishuke lenyewe bila kuburutwa. Kisha ndoo mbili: moja ya povu, nyingine ya kusuuzia sponji kila inapotoka kwenye bodi. Alianza paani akashuka chini, wala hakurudi juu na sponji iliyokwisha kugusa chini. Kukausha, alilaza taulo laini juu ya maji, akaliacha linywe, akalinyanyua. Kuliburuta ilikuwa mwiko. Magurudumu yalikuwa na ndoo yao peke yao, nyekundu, kwa kuwa mle ndimo lilimokaa vumbi la breki, chembe za chuma ndogo kuliko chumvi. "Cha chini kisipande juu," alikuwa akisema, na mkewe alikuwa akimjibu kutoka jikoni, "Basi na viatu vyako visipande kwenye zulia langu."

Gari halikuwa lake. Lilikuwa la kaka yake, marehemu, aliyelinunua likiwa tayari na umri, akalipenda kama jipya. Kaka mtu alikuwa na mchezo mmoja na binti yake, mtoto wake wa pekee. Kila alipomaliza kuliosha, alimbeba, akamsimamisha mbele ya mlango wa nyuma na kumuuliza, "Nani huyo?" Mtoto alijiona, akacheka, akajificha shingoni mwa babake, akachungulia tena. Mchezo huo uliendelea mpaka mtoto akawa mzito wa kubebwa.

Maradhi yalipomlaza, kaka alimwita Kioo kitandani. Hakusema mengi, kwa sababu pumzi ilikuwa haba. "Gari nakuachia wewe. Siku ya binti yangu litoke hili, lisitoke jingine. Na umsimamishe mlangoni, ajione."

"Atajiona," Kioo alisema.

Tangu hapo hakuruhusu mkono mwingine wowote uliguse gari lile.

Miaka ilipita, mtoto akawa msichana, msichana akapata mchumba, na siku ikapangwa. Waliishi wote katika uwanja mmoja: Kioo na mkewe vyumba vya nyuma, mjane wa kaka na binti yake nyumba ya mbele, na gari katikati, chini ya banda la mabati lililoegemea ukuta. Wiki ya harusi akaja na dada yao mkubwa, shangazi wa bibi harusi, mwanamke aliyewalea wadogo zake baada ya mama yao kufariki. Dada Mkubwa alikulia mahali ambapo maji yalifuatwa kwa miguu, na katika maisha yake yote hakuwahi kumwaga maji bila kuyauliza kwanza kama bado yana kazi. Ya kuoshea mchele yaliosha vyombo, ya vyombo yalipiga deki, ya deki yalituliza vumbi la uwanja.

"Dada, bomba lipo," Kioo alimwambia.

"Bomba lipo leo," alijibu. "Mimi nilikuwepo jana."

Jioni ya kuamkia harusi Kioo aliosha magurudumu mapema, ili asubuhi abaki na bodi peke yake. Lakini bega lake la kulia, lililokuwa likimsumbua tangu mwanzo wa mwaka, lilikataa katakata. Alishindwa hata kuinua ile ndoo nyekundu kuimwaga. Aliiacha kando ya ukuta, akaingia ndani akiwa ameushika mkono kama anayebeba mtoto mchanga. Dada Mkubwa alikuwa kibarazani akichambua mboga. Aliona yote, akaendelea kuchambua.

Mkewe alimchua kwa dawa, naye Kioo akalala usingizi mzito. Alipoamka jua lilikuwa limeshatoka. Alitoka mbio, fulana mkononi, akasimama.

Gari lilikuwa limeoshwa.

Dada Mkubwa alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele yake, kanga imelowa mpaka magotini, uso umechoka na kufurahi. "Usinishukuru," alisema. "Nimekuona jana na hilo bega. Nikasema, mdogo wangu ananyanyasika na ndoo na dada yake nipo hai? Nimefanya kama ufanyavyo wewe. Nimeanza juu, nimeshuka chini. Ndoo mbili."

"Ndoo mbili," Kioo alirudia.

"Sabuni nimetia kwenye ile ya bluu. Na ile nyekundu nilikuta umeniwekea maji kabisa, masafi, yametulia. Nikasema huyu sasa amejifunza kutomwaga."

Kioo alitazama ndoo nyekundu. Chini kabisa kulikuwa na tope jeusi lenye kumetameta. Maji yaliyolala usiku kucha yalikuwa yameshusha uchafu wake chini na kubaki juu na uso wa maji ya kunywa, na sponji ilikuwa imezama humo mara ngapi ajuaye ni Mungu.

Alifungua mdomo. Akaona mikono ya dada yake, iliyokunjamana kwa maji, ile ile iliyokuwa ikimpangusa kamasi. Akaufunga.

"Asante, Dada," alisema. "Hukupaswa kujichosha."

"Nenda kanywe chai."

Hakwenda kunywa chai. Dada alipoingia ndani kubadilisha kanga, alilisukuma gari kwa bega lake zima hatua chache mpaka pua yake ikatoka chini ya mabati. Jua lilipoipata boneti, pale palipokuwa na jua moja jeupe kila siku, sasa palikuwa na jua lililofungwa ndani ya kiota. Mizunguko juu ya mizunguko. Paa hivyo hivyo. Milango hivyo hivyo. Aliinama mbele ya mlango wa nyuma kujitazama, akamwona mtu wa ukungu.

Bibi harusi angetoka saa sita, jua likiwa utosini.

Fundi cherehani, aliyemletea koti la suti, alimkuta ameketi chini, mgongo kwenye gurudumu. Kwa mara ya kwanza hakutania. Alizunguka gari mara moja, akapiga mluzi.

"Lirudishe kivulini," alisema. "Mlete bibi harusi mpaka humu bandani. Nani atajua?"

"Kaka alimsimamisha juani, fundi."

"Basi ita watu wa kung'arisha."

"Leo? Gari zima ni kazi ya siku mbili."

"Na mlango mmoja?"

Kioo aliutazama mlango wa nyuma, kisha akasimama. Alilirudisha gari kivulini, maana bodi ya moto haipokei polishi, akauosha upya mlango ule kwa maji mapya, akafungua kopo lake la polishi laini, akachukua kitambaa kisicho na mshono na kuanza. Kidogo kidogo, kipande cha ukubwa wa sahani, mkono ukienda na kurudi kwa mistari iliyonyooka, mpaka polishi ikakaribia kuwa wazi. Anafuta, anatazama, anahamia pembeni. Kabla hajafika katikati ya mlango bega lilianza kuwaka. Akahamishia mkono wa kushoto, nao ulikuwa mzembe, ukibonyeza panapotakiwa kupapaswa.

"Unafuta nini tena?" Dada Mkubwa alikuwa nyuma yake. "Mimi si nimeshaliosha?"

"Nalitia mafuta kidogo, Dada."

"Mafuta kidogo ndiyo yanakutoa jasho hivyo?" Akamsogelea. "Mimi nimekulea. Ulipovunja chungu ulikuwa na uso huu huu. Nimeharibu nini?"

Kioo alikunja kitambaa upya. Fundi alijifanya anatafuta uzi kwenye koti.

"Nakuuliza wewe!"

Basi akamshika mkono, akampeleka mbele ya gari, akalisukuma tena mpaka pua ikatoka juani. Dada Mkubwa aliinama, akakunja macho, akapitisha kidole juu ya utando ule wa buibui akidhani utafutika.

"Ni mimi?"

"Ni maji, Dada. Yalikuwa ya magurudumu. Vumbi la breki lilikuwa limelala chini."

Dada akampiga Kioo begani, lile lile bovu, mpaka akaruka. "Na wewe ukasema asante! Siku yote ningetembea hapa kifua mbele! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Dada, umeamka kabla ya ndege kwa ajili yangu. Tangu kaka afariki, hakuna mtu aliyelishika gari hili kunipumzisha. Nilikuwa sijui kama nimechoka mpaka nilipoona mtu mwingine ameloa." Aligeukia gari. "Asante ilikuwa ya kweli. Gari nalo ni kweli limeharibika. Vyote viwili."

Dada Mkubwa alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akaanza kuvua bangili. Moja moja, zikilia, akazitia kwenye kiganja cha fundi cherehani. "Shika hizo, na zisipungue. Haya, Kioo. Nionyeshe. Mkono wangu mzima."

Alimwonyesha. Alisimama ubavuni mwake akimwambia, "Polepole, Dada, kama unampaka mtoto mafuta," na hapo mkono wa Dada ukaelewa, kwa kuwa watoto aliwapaka mafuta maisha yake yote. Yeye alisugua, Kioo akafuta. Mke wa Kioo alikuja na chai, akauliza kulikoni, akapewa taulo. Mlango uliwaka kipande kwa kipande, kutoka kwenye kitasa kwenda chini, na walipomaliza kupitisha nta ya mwisho, kelele za nyumba ya mbele zilikuwa zimeshapanda, watu wakimwita shangazi mtu aje, na shangazi mtu akiwa na polishi kwenye nyusi.

Kioo alilitoa gari juani, akalisimamisha mbele ya nyumba, mlango wa nyuma ukielekea kizingiti.

Bibi harusi alitoka akiwa ameshikwa na mama yake. Alishuka ngazi akiangalia chini asikanyage nguo, na aliponyanyua macho alikuwa mbele ya mlango. Kioo alikuwa na mkono kwenye kitasa. Hakufungua.

"Nani huyo?" aliuliza.

Sauti haikuwa ya kaka yake. Lakini binti alisimama. Alijitazama: shela, shingo, midomo iliyopakwa vizuri, na kando yake wale watu wawili, baba mdogo katika suti na shangazi mwenye uso wenye madoa. Akacheka, kisha akageuka na kuficha uso shingoni mwa Kioo, akichafua kola kwa poda, halafu akachungulia tena mlangoni.

"Ni mimi, baba mdogo," alisema. "Naonekana vizuri kabisa."

Alipokuwa akipanda alitupa jicho kwenye boneti. "Mbona huko mbele kuna kama nyota?"

"Huko ni kazi yangu, mwanangu," Dada Mkubwa alijibu kabla Kioo hajasema. "Wewe ingia, nguo isikamatwe na mlango."

Njia nzima jua lilikaa kwenye boneti mbele ya macho ya Kioo, limefungwa ndani ya ile mizunguko. Siku nyingine yoyote angeumwa na kichwa. Siku ile aliendesha taratibu akiitazama, na kila alipoitazama aliiona kanga iliyolowa mpaka magotini, na bega lake likawa jepesi.

Dada Mkubwa aliahirisha safari yake ya kurudi. Jumamosi iliyofuata Kioo alitoka na fulana yake, akamkuta ameshatangulia uani, mikono mitupu bila bangili, amevaa gauni lisilo na kifungo. Ndoo nyekundu ilikuwa kichwa chini juu ya ukuta, imeoshwa, inachuruzika.

"Umemwaga maji, Dada?" Kioo aliuliza, haamini.

"Nimwage nina wazimu?" Akanyoosha kidole kwenye makopo ya maua ya mjane wa kaka yao, udongo umeloa vizuri. "Nimewapa wasio na rangi ya kukwaruzika. Haya, tunaanzia wapi?"

"Juu," alisema Kioo, akampa sponji.