Jumapili ya Walburga yakosa bei

“Hivi mama, hiyo Jumapili yako ungeiuza kwa euro ngapi?”

Swali hilo alilirusha Hikmet, jirani, juu ya ua wa miti, Jumamosi moja jioni Oktoba ya mwaka jana. Walburga Kemper alikuwa anaanua nguo, maana mtaani kwao siku ya Jumapili hata soksi haianikwi. Alicheka, akaingiza kapu ndani.

Kwake swali halikuwa la mzaha. Wiki hiyohiyo kiwandani alikuwa ameulizwa jambo hilo na watu waliovaa tai.

Leo ni Jumatatu alfajiri, na mashine za kung'arisha zimeshaanza kuvuma. Walburga, mwenye umri wa miaka 58, amefunga kitambaa kichwani na aproni ya ngozi kiunoni. Anachukua koki ya maji iliyotoka kwenye kalibu ya kumiminia madini ikiwa na vipele kama ngozi ya chura, anaiegemeza kwenye gurudumu la kitambaa, anaigeuza taratibu. Inatoka inang'aa.

“Ukijiona meno, imeiva,” anasema. “Basi iache. Ukizidisha unakula chuma cha watu.”

Kazi hii ameifanya miaka thelathini na moja katika kiwanda cha koki cha Elsebrück, mji mdogo kwenye milima ya Sauerland, Ujerumani. Marehemu mumewe, Egon, alikuwa fundi wa kalibu hapohapo. Alimwachia nyumba ndogo, mti wa plamu, na mazoea ya kwenda pamoja kanisani kila Jumapili. Siku hizi anakwenda peke yake, kisha anapitia makaburini kumsalimu.

Kiwanda kina watu mia tatu na arobaini. Zamani kilikuwa mali ya familia ya hapa mjini, ambayo mzee wao alijua jina la kila mke wa mfanyakazi. Sasa wenye mali wako mbali, hakuna aliyewahi kuwaona, na kiwanda kina pacha wake huko Slovakia.

Hata hivyo, wenye mali wawe mbali wawe karibu, saa za kazi hazibadilishwi mpaka baraza la wafanyakazi likubali. Ndiyo sheria. Baraza lina watu tisa waliopigiwa kura na wenzao, na Walburga ni mmoja wao.

Oktoba hiyo, mkurugenzi kutoka makao makuu, Dakta Reuschel, alikuja na ombi. Alitaka zamu ya Jumapili ianze Januari, kwa malipo mara mbili. Kwa mtu anayepata euro kumi na tisa kwa saa, si haba.

“Wenzenu wa Slovakia wanafanya kazi Jumapili tangu masika,” aliwaambia. “Dunia imekuwa soko moja. Mkikataa, kazi itawafuata wao kulekule.”

Baraza likagawanyika. Wanne walisema ndiyo, wanne hapana. Macho yote yakamgeukia Walburga.

“Nilitamani sakafu inimeze,” anakumbuka. “Niseme hapana kwa ajili ya Misa yangu, halafu baba wa watoto watatu akose kazi, jioni nitapiga magoti kwa uso gani?”

Mwenyekiti wa baraza, Udo Vollmert, alikuwa upande wa ndiyo. Ana mkopo wa nyumba, na hafichi.

“Mama Kemper,” alimwambia, “Mungu haonekani kwenye hati ya mshahara.”

“Hata wewe Udo huonekani kwenye mashine, na tunakuvumilia,” alijibiwa, na kikao kikaishia kwenye kicheko. Lakini kura ilibaki palepale, ikimsubiri. Walipatana kuipiga mara tu baada ya mkutano wa wafanyakazi wote, Jumanne iliyofuata.

Siku hizo kulikuwa na wageni watano kutoka kiwanda cha Slovakia, waliokuja kujifunza mashine mpya. Jumapili, siku moja baada ya swali la Hikmet, Walburga alimwona mmoja wao kanisani, benchi la nyuma. Mama huyo alikuwa anaimba wimbo uleule wa Kijerumani kwa maneno ya kwao, bila kuona haya.

Mlangoni mgeni ndiye aliyeanza. “Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele na milele, amina,” Walburga akaitikia. “Dada, unakunywa kahawa?”

Mgeni anaitwa Božena Hudáková. Kijerumani anakijua vizuri, kwani kwa miaka kumi alikuwa anakwenda Austria kulea wazee, kabla ya kupata kazi ya kiwandani karibu na kwao. Saa tisa alasiri alikuwa ameketi chini ya mti wa plamu, mbele ya keki ya plamu. Hikmet naye alikuwepo. Alistaafu kutoka mashine iliyokuwa jirani na ya Walburga, anaswali Ijumaa, lakini keki ya Jumapili haijawahi kumpita.

“Mna raha ninyi,” Božena alisema akitazama bustani. “Jumapili ya mwisho mwisho hii. Januari mtakuwa kazini, na sisi kwa ajili yenu tutakuwa kazini.”

Walburga akaweka birika chini. “Kwa ajili yetu vipi?”

“Si mmeshakubali? Dakta alikuja kwetu mwezi uliopita. Alisema Wajerumani wamekubali Jumapili, na sisi tukikataa kazi itawafuata ninyi.”

“Ninyi si mnafanya tangu masika?”

“Nani? Sisi? Jumapili kiwanda chetu kina kufuli.”

Hikmet alicheka mpaka akapaliwa na keki. “Kauza mbuzi mmoja kwa watu wawili,” alisema alipopata pumzi, “na mbuzi mwenyewe hana!”

Akinamama hawakucheka. Božena alikuwa amekunja mikono mapajani.

“Dada, usinitaje,” alisema kwa sauti ndogo. “Nina mama yangu mgonjwa. Nikisimama mbele ya yule bwana, nitakaporudi nitakuta kabati langu la kiwandani lina kufuli la mtu mwingine.”

“Sijakuomba kitu,” Walburga alimjibu. “Kula keki.”

Anasema usiku ule aliomba jambo moja tu, apewe ulimi wa kuuliza bila kumchoma mtu.

Jumanne kantini ilijaa, wageni watano nao wamejibanza nyuma. Mikutano hiyo mwajiri huhudhuria, husema yake, kisha husikiliza. Dakta Reuschel alisema yake. Slovakia, masika, soko moja. Walburga akanyoosha mkono.

“Bwana Dakta, hapo pa Slovakia hebu parudie. Haya masikio yangu ni ya mashine.”

Watu wakacheka. Dakta naye akatabasamu, akarudia.

“Wanafanya Jumapili wote?”

“Wote, Bi Kemper.”

Walburga hakusema zaidi. Alikuwa ameamua hatamtaja mtu, na bila shahidi neno lake lilikuwa neno la mng'arishaji mbele ya Dakta. Alikuwa anaketi kwa uchungu aliposikia kiti kinaburuzwa nyuma.

“Mimi natoka huko,” Božena alisema. “Jumapili iliyopita nilikuwa kanisa la hapa. Ile ya kabla yake nilikuwa kanisa la kwetu. Kiwanda kilikuwa kimefungwa. Hata mlinzi alikwenda kuvua samaki. Sisi tuliambiwa ninyi ndio mmekubali.”

Kisha mgeni wa pili akasimama kando yake. Wa tatu. Wakasimama wote watano, hawana la kuongeza, wamesimama tu.

Dakta alikohoa. Alisema huenda kulikuwa na kutoelewana.

Aliyemjibu ni Udo, mwenye mkopo. “Kutoelewana kwa nani, Bwana Dakta? Mbona sisi na hawa tumeelewana vizuri kabisa?”

Kantini ililipuka. Waliokuwepo wanasema meza zilipigwa mpaka vijiko vikaanguka. Mchana huo kura ilipigwa, na Udo akawa wa kwanza kunyoosha mkono wa hapana. Tisa kwa bila.

Mwaka umezunguka, kiwanda hakijahama. Jumapili imebaki na kufuli kotekote. Kazi iliyozidi inafanywa Jumamosi asubuhi kwa wanaotaka, na mafundi kumi na wawili wapya wameajiriwa. Kabla baraza la hapa halijajibu ombi lolote la makao makuu, linampigia simu Božena kwanza. Wenzake wa Slovakia wamemchagua awe msemaji wao.

“Kabati langu lina kufuli langu,” anasema kwa simu, na kicheko chake kinasikika chumba kizima.

Si wote waliofurahi. “Zile hela zilikuwa tamu, tusidanganyane,” anasema kijana mmoja wa idara ya upakiaji. Walburga hambishii.

“Mimi sina ugomvi na soko,” anasema huku akifuta miwani. “Soko ndilo lililomlisha Egon, na mimi. Lakini hata soko lina geti, na anayelifunga lazima akae nasi mezani. Likibaki wazi siku zote, si soko tena, ni uwanja wa wezi.”

Sasa kuna habari ya kiwanda cha tatu, Tunisia. Walburga amebakiza miaka michache astaafu, na ana mpango mmoja. Ameliomba baraza litafute wenzao wa huko kabla mtu mwingine hajawafikia na hadithi.

“Kule siku ya ibada ni Ijumaa,” Hikmet alimkumbusha.

“Basi Ijumaa yao nayo isiuzwe bila wao kujua. Wewe utatufundisha salamu.”

Jumapili inafika, kengele za kanisa zinalia. Hikmet yuko kwenye ua wake kama kawaida, mikono mfukoni.

“Mama, bei imepanda! Nakupa mara tatu!”

Walburga anampitishia juu ya ua sahani ya keki iliyofunikwa kitambaa. Anachukua kitabu chake cha nyimbo, anafungua geti, anatoka kwenda kanisani.