Diski yenye maneno elfu tatu

Saa tatu asubuhi, Kibiti. Zabibu Shaban, fundi kompyuta mwenye miaka thelathini na nane, ameinamia mashine iliyofunguliwa mfuniko, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hana utani. Kioo cheusi kinamwambia jambo moja tu: diski haipo.

Kwenye benchi ameketi mwenye mashine, Bi Mashavu, mkunga mstaafu kutoka Mtunda. Kwa miaka sita amekusanya maneno ya Kindengereko kwa vikongwe wa huko na kuyachapa mwenyewe, kwa kidole kimoja. Yamefika elfu tatu na ushei. Nakala nyingine hana.

"Bibi wanne kati ya walionipa wameshatangulia mbele ya haki," anasema. "Nikawaulize wapi tena?"

Zabibu anasifika kwa kufufua kompyuta ambazo mafundi wengine wamezikatia tamaa. Huzijengea kiini chao cha Linux, ile programu inayoamka kwanza na kuiunganisha mashine na vifaa vyake. Hupitia orodha ndefu ya vifaa na kufuta kila anachoona hakimo, ili mashine ya miaka kumi na minne iwe nyepesi. Alijifunza kwenye simu, mtoto mgongoni. Mimi namwona hodari kuliko wengi wenye vyeti, na sioni haya kusema.

Leo kazi imemgeuka: hii nayo ameijengea kiini, na sasa haioni diski yake. Anabadilisha waya wa diski. Wapi! Anaiwasha mashine kwa flashi yenye kiini cha kawaida. Diski inaonekana, nzima.

"Alhamdulillahi! Diski haina ubaya, mkosaji mie," anamwambia Bi Mashavu. "Nisamehe, mama."

"Nakili maneno yangu kwanza, mwanangu. Msamaha utafuata."

Ananakili mara mbili. Kisha analinganisha orodha ya kiini chake na ile ya kawaida, mstari kwa mstari, mpaka analiona kosa. Alifuta kipengele kiitwacho SCSI, akidhani ni cha diski za mitambo mikubwa, ambayo Kibiti nani anayo? Kumbe Linux huzipitisha hata diski za kawaida njia hiyohiyo. Anakirudisha, anajenga kiini upya kwa dakika hamsini, na mashine inawaka yenyewe.

Bi Mashavu anavuta kiti na kuanza kumsomea maneno yake, akishusha sauti kwa yale ya unyagoni. Zabibu anacheka mpaka machozi.

Mama yake Zabibu alikuwa Mmatumbi wa vilimani. Alifariki mwaka juzi.

"Mama alikuwa nayo mengi ya Kimatumbi," anasema. "Sikuandika hata moja."

Amebakiwa na mama mdogo, anayeishi Ikwiriri. Anataka kwenda kwake kila Ijumaa na daftari, na hangoji ushauri wa mtu. Anachukua simu palepale.

"Mama mdogo, shikamoo. Ijumaa nakuja. Usihangaike kupika. Wewe kaa tu uongee, nami niandike."