Kona ya Cherehani

Mama yangu ni mshonaji, na anayemtafuta hana haja ya kuuliza yuko wapi. Yuko sebuleni, kwenye kona kati ya dirisha na kabati, mguu kwenye pedali, pini mdomoni. Mimi nilizaliwa nikamkuta hapo. Nilijifunza kutembea kwa kushikilia meza ya cherehani ile, na mpaka leo nikifumba macho nikawaza nyumbani, naona mwanga wa alasiri ukipita juu ya bega lake, na vumbi la vitambaa likielea ndani yake taratibu, halipandi wala halishuki.

Katikati ya sebule ni kwa Baba. Ana kiti kimoja kikubwa, kimebonyea kwa umbo lake mwenyewe, na ole wake atakayekikalia. Baba alifanya kazi kwenye kinu cha kusaga nafaka mpaka alipostaafu. Mashine za kule zilinguruma hadi kifua kikatetemeka, na mwili wake ukazoea. Siku ya kwanza ya kustaafu alikaa kitini, akatazama dari, akasema nyumba hii ni kimya mno, anahisi kama amezama kwenye maji. Nilimwonea huruma, jamani. Wenzake wanatamani kupumzika, yeye anatamani mngurumo.

Muziki aliupenda tangu ujana, hasa besi, ndiyo maana mtaani wanamwita Mzee Besi. Ila besi yenyewe haikuwahi kumfikia. Anawasha, anakaa, anatuamuru, "Kimya!", anafumba macho, anasubiri. Kisha uso unamshuka. "Haina kifua hii." Akabadilisha spika, akabadilisha amplifaya, akabadilisha hata nyaya. Haina kifua.

Mama huwa anajibu kutoka konani, pini zikiwa zimebanwa midomoni, "Mbona mimi naisikia?"

"Mama watoto, wewe masikio yameshaliwa na cherehani," Baba anasema, na mazungumzo yanaishia hapo.

Tena kulikuwa na kile kikopo cha pini. Nyimbo fulani zikipigwa, kikopo kinaanza kutetemeka juu ya meza ya Mama, tititititi, na Baba anafoka kwamba kinamharibia muziki. Mama akakiwekea kipande cha flana chini. Hakubishana. Mama si mtu wa kubishana, na hilo ndilo linalonipandisha presha mimi, maana mdomo wangu hauna breki.

Basi kiinua mgongo kikatoka, na Baba akaleta spika mbili ndefu za mbao iliyong'arishwa mpaka unajiona uso, pamoja na sabufa, spika ya besi tupu, moja nyeusi, nzito, kimo cha goti. Mama alizizunguka, akazigusa kwa ncha ya kidole, akasema, "Wenzako kiinua mgongo kinawajengea nyumba. Wewe kimekujengea kelele." Tulicheka wote, Baba kuliko sisi.

Kicheko kilikatika alipotangaza mpango. Alikuwa ameambiwa na wajuzi wenzake kwamba sabufa ikikaa konani inanguruma vizuri zaidi. Kona nyingine zote zina milango au makabati ya ukutani. Imebaki moja. "Cherehani itahamia koridoni," alisema, huku akipima kwa mikono. "Pana nafasi kule. Kesho fundi anakuja kufunga."

Koridoni! Koridoni kwetu hakuna dirisha. Mchana wa jua kali unawasha taa ili uone kiatu chako. Macho ya Mama siku hizi hayaoni tundu la sindano mpaka aielekeze dirishani. Kumpeleka kule ni kumwambia aache kushona, na aache pia kuwa sebuleni na sisi. Nilifungua mdomo niseme yote hayo, Mama akanikata jicho.

"Sawa," alisema. Akaanza kukunja vitambaa, kimoja kimoja, akivilaza kwenye boksi kama nguo za mtoto. Nililia jikoni kwa hasira.

Kesho yake alasiri akaja fundi wa muziki, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, anayetembea ndani ya nyumba kama anayeogopa kuamsha mtu. Mama alikuwa anamalizia gauni moja la mwisho kabla ya kuhama. Fundi alisogeza spika mbali kidogo na ukuta, akapiga kofi moja hewani, akasikiliza linavyorudi. Akaangalia rafu ya vitambaa ambavyo Mama alikuwa hajavipakia, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. "Hivi vinakula mwangwi. Msiviondoe."

Kisha akanyanyua sabufa, akaiweka juu ya kiti cha Baba.

"Wee! Hapo nakaa mimi!"

"Kwa leo inakaa yenyewe, mzee. Sauti nzito inagonga ukuta na kurudi. Kuna mahali inaporudi inajazana, na mahali inaporudi inajiua yenyewe. Sasa tunaiweka anapokaa msikilizaji, halafu tunatambaa chumba kizima kuitafuta. Pale itakaposikika vizuri, ndipo tutakapoiweka, na wewe hapa kitini utaisikia vilevile."

Akawasha wimbo wa zamani wa dansi, gitaa la besi likitembea taratibu, na watu wazima wawili wakapiga magoti. Nawaambieni, sikujua nicheke au nisali. Baba yangu, na kitambi chake, anatambaa kando ya ukuta kama anatafuta kifungo. Pazia likapumua. Mwanga ukamlalia mgongoni. Sebule yetu ileile ikawa ngeni, kama nyumba unayoiota, na kitini pa Baba palikuwa na kitu cheusi kinachoimba.

Karibu na mlango, Baba akatikisa kichwa. Chini ya kabati, hapana. Karibu na spika ya kushoto, "Imevimba, haieleweki." Akaendelea, akaendelea, mpaka akafika kwenye miguu ya Mama.

Akasita hapohapo kwa magoti na viganja, kichwa karibu na pedali. Mguu wa Mama ulikuwa unakanyaga pamoja na gitaa, sambamba kabisa, na nadhani umekuwa ukikanyaga hivyo maisha yangu yote. Juu ya meza, Mama alikuwa ameondoa flana ili aipakie. Kikopo kikaanza, tititititi.

Baba akaweka kiganja sakafuni, kingine kifuani. Hakusema haina kifua.

"Umekuwa ukiisikia hivi?" aliuliza. "Siku zote?"

Mama akatoa pini mdomoni. "Nilikuambia."

Fundi alifurahi, hakuelewa kilichopo. "Basi ni hapo, mzee! Tuhamishe cherehani, sabufa ikae hapo, nawe ukirudi kitini utapata hii hii uliyoipata." Tayari alikuwa ameshika meza ya Mama kwa pembeni. Nilisimama. Naapa, nilikuwa tayari kumvuta shati.

"Acha," Baba alisema, bado yuko chini. "Na ikibaki palepale kitini?"

Fundi akafikiri. "Basi atakayeisikia ni mtu aliyekaa hapa. Wewe kiti utakiweka wapi?"

Baba alitazama kiti chake muda mrefu. Kiti kile alikinunua kabla sijazaliwa. "Kitoe," akasema. "Kipelekeni koridoni. Sabufa ibaki pale kilipokuwa kiti, na hizo spika uzigeuze zitazame huku. Mwanangu, niletee stuli."

Niliikimbilia ile stuli ya jikoni kama nimetumwa dawa. Mama alisogeza boksi la vitambaa kwa mguu, akamfanyia nafasi kati ya cherehani na dirisha, upande usiomzibia mwanga. Baba akakaa, magoti karibu yagonge kidevu, akashika kikopo cha pini kwa mikono miwili.

"Mama watoto," alianza. "Mama watoto, miaka yote hii mimi..."

"Kimya," Mama akamwambia, na mguu wake ukarudi kwenye pedali. "Besi inaingia."