Usubi wa Nyuma ya Jiko

Mama wa meza ya dirishani, mtaalamu wa wadudu ninayemchapia maandishi yake, huanza kazi kwa kupuliza vidole kana kwamba vina unga. Kisha humgeuza mdudu chini ya hadubini kwa brashi iliyobaki na nywele tatu. Mishipa ya bawa huihesabu kwa Kifaransa, akikosea hujigombeza kwa Kinyarwanda, “Ariko se!”, na kuichomeka penseli nyuma ya sikio, mahali ilipokwisha kuacha alama. Wiki nzima amekuwa akiandika maelezo ya aina ya usubi wa uyoga ambayo hakuna kitabu kilichowahi kuitaja, aliyoinasa masika haya kando ya ziwa la Nyarutarama.

“Mama, kweli iko mpya hii?” nilimuuliza jana.

“Iko mpya,” alisema bila kuinua uso. “Lakini inafanana na ile ya kwetu Kagarama. Ilikuwa inatuingia mpaka kwa pua. Mama yangu alikuwa anaipepea na jani ya mgomba, halafu ndiyo anakata uyoga. Sasa pale iko ghorofa.”

Alipofika pa kutaja mahali mdudu alipopatikana, aliandika haraka, akasoma. Akafuta kwa nguvu, akaandika upya: gogo lililooza, kando ya ziwa, Nyarutarama. Akanipa karatasi nikachape.

Yeye hukandamiza sana penseli. Nilipoiinua karatasi kwenye mwanga, yale aliyoyafuta yalikuwa bado yanasomeka: nyuma ya jiko la mama, Kagarama.