Mkwe kaomba nimpime presha kwa kijiti cha gemu

Jamani, leo nimeongopa mpaka nimejiumbua!

Mama yake mchumba wa binti yangu Zuhura kaja kutoka Muheza, mara yake ya kwanza kuingia kwangu.

Sasa Zuhura na mambo yake. Kafungua pedi mbovu ya kuchezea gemu, katoa kile kijiti chake, kakiunga waya kwenye kompyuta ili acheze magemu ya zamani. Kakiacha mezani, waya nje nje!

Moyo ukanilipuka. Watasema tunawaozesha mtoto wa kucheza magemu.

Mgeni akauliza, "Dada, hiki nini?"

Nikajibu, "Cha kupimia presha."

Sijui kilinitoka wapi!

Akakunja mkono wa baibui. "Basi nipime, safari imenichosha."

Zuhura ananitazama, mimi natazama dari.

Nikamshikisha kijiti, nikahesabu kimoyomoyo. "Iko sawa, dada."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu anacho hikihiki! Zuhura ndiye aliyemtengenezea. Unadhani walijuanaje?"

Akavuta kiti. "Zuhura, washa tushindane. Mkwe nishampata."

Nimejificha jikoni, wao wanapiga kelele sebuleni.

Nirudi na uso gani? Nishaurini, wenzangu!