Mzazi Asivuke Kamba

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwao, hapa Lanet. Anakimbia mita mia nane, na shule imeamua kwamba kabla ya msimu kuanza, wazazi na wanariadha waketi pamoja waambiwe yanayotarajiwa kwao. Mwalimu wa michezo, kijana mwenye filimbi shingoni, akashika kipaza sauti. Mwanafunzi asikose darasa kwa kisingizio cha mazoezi. Mzazi asimtukane mwamuzi. Mzazi abaki kwenye viti na asiingie uwanjani kwa sababu yoyote ile. Baba mmoja aliyeketi karibu nami akanigusa bega. "Mzee, sasa mtoi akianguka? Nikae tu hivi namwangalia, kama ni sinema?"

Nilicheka naye, kisha kicheko kikanikauka. Swali hilo nalijua. Nililiona likijibiwa nikiwa mtoto, kule juu Molo, na jibu lake lilitutoa nyumbani.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Tulikaa kwenye shamba la mzungu, mbali na stesheni, na baba alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Watu wetu walitoka magharibi wakifuata kazi, na kazi ikawapandisha hadi kwenye baridi. Wewe uliyekulia mjini Nakuru usinieleze habari za baridi. Kule kwetu asubuhi umande uliganda juu ya nyasi, nasi tulikwenda shule miguu mitupu. Tukiona mahali ng'ombe alipolala tulimfukuza ainuke, tukasimama pale kwa zamu mpaka vidole vipate uhai. Nyumba zetu zilinuka moshi na viazi vilivyochomwa majivuni. Nje kulinuka pareto iliyokuwa ikikaushwa, harufu inayokwaruza koo, na siku za Jumamosi sisi watoto ndio tuliochuma maua yake pamoja na mama zetu.

Shule ilikuwa chumba kimoja cha mbao na mwalimu mmoja. Alifundisha hesabu, dini, kilimo na mbio, na ukiniuliza mimi, mbio ndizo alizozipenda kuliko dini, ingawa asingethubutu kusema hivyo mbele ya mhubiri. Alitukimbiza kwenye vijia vya katikati ya ngano huku yeye akitufuata kwa baiskeli isiyo na breki, akipiga kelele tumpishe.

Jumapili moja baada ya ibada aliwazuia wazazi wasitawanyike. Shule za mashamba na ile ya watoto wa reli zilikuwa zimepatana kushindana Molo, na atakayeshinda mbio ndefu angepelekwa kukimbia Nakuru, mbele ya walimu wa shule ya juu. Shule ya juu ilichukua watoto wachache sana kutoka kwetu. Mwenye mbio nzuri alikuwa na mlango wa pili wa kuingilia, na mimi, ambaye hesabu zilinipiga chenga, nilikuwa na mlango huo mmoja tu.

Mwalimu akawaeleza wazazi wajibu wao. Mtoto wa mbio asichapwe siku ya kuamkia mashindano. Apewe uji wa maziwa asubuhi. Halafu akafika kwenye sheria waliyoafikiana walimu wote, kwa sababu mwaka uliotangulia mtoto wa shamba jingine alimaliza mbio kwenye mvua, akakaa na nguo mbichi, akashikwa na kichomi na hakupona. Kila mkimbiaji lazima awe na mtu wake mwishoni, mwenye blanketi. Asiye na mtu wa blanketi hakimbii. Na huyo mtu asimame nyuma ya kamba. Mzazi akivuka kamba kabla mbio hazijaisha, mtoto wake ametolewa, maana wazazi wa mahali fulani walikuwa na tabia ya kuwakimbilia watoto wao na kuwavuta mkono mpaka mwisho.

Wazee walicheka sana. Mmoja akauliza, "Sasa hawa watoto wanakimbiza nini? Kuna ng'ombe wamepotea?" Nyanya yangu, aliyekuja na fimbo yake kusikiliza, akasema mwenda pole hajikwai. Mwalimu akamjibu kwa heshima, "Ni kweli, nyanya. Hajikwai, lakini atakuta uji umeisha." Nyanya alimpenda mwalimu tangu siku ile. Jioni akalitoa blanketi lake mwenyewe, la kijivu lenye mstari mwekundu, akaliweka juani siku mbili ili litoke moshi. Moshi haukutoka.

Shida ilikuwa nani alishike. Mama alikuwa amejifungua majuzi. Nyanya asingeweza kutembea mpaka Molo. Alibaki baba, na mashindano yalikuwa saa za kukamua jioni. Baba alikwenda kuomba ruhusa kwa nyapara, na siku zile, msomaji wangu, mtu hakutoka shambani hivi hivi kama anakwenda dukani. Nyapara akamwambia, "Ng'ombe hawajui mashindano." Baba alirudi akaketi, akala viazi vyake, hakusema ndiyo wala la. Alikuwa mtu wa maneno machache sana. Mama alikuwa akisema kwamba ng'ombe wale wanamsikia akiongea kuliko sisi.

Siku yenyewe tuliondoka na mwalimu adhuhuri. Njia nzima niligeuka nyuma kuangalia. Wenzangu walikuwa na mama, shangazi, kaka wakubwa. Tulipofika uwanjani wazazi wakapangwa nyuma ya kamba ya katani, na mwalimu akawa anaita mkimbiaji mmoja mmoja, mtu wake anainua blanketi juu ndipo anaruhusiwa kwenda kwenye mstari. Nilipoitwa hapakuwa na aliyeinua kitu. Mwalimu akaniita tena. Nilikuwa nimeanza kulia, nakwambia kweli, wakati nilipoliona blanketi la nyanya likiinuliwa huko mwisho kabisa wa kamba. Baba alikuwa amekuja na gambuti zake za zizini na koti lenye madoa ya maziwa. Alikuwa akihema. Sikufikiri hata kidogo ni nani aliyekuwa akikamua. Nilifikiri tu kwamba nina mtu.

Tulizunguka mashamba ya ngano, tukashuka mtoni, tukapanda kilima cha upande wa reli. Mvua ya mawe ilitukuta mtoni. Mpaka tunapanda kilima tulikuwa tumebaki wawili mbele, mimi na mvulana mmoja wa shule ya reli, mrefu, aliyekimbia kama hana haraka. Nilikuwa nyuma yake hatua chache. Tukaingia uwanjani, nikaona kamba, nikaona watu wanaruka, na pale pale yule mvulana akaanguka. Hakujikwaa. Miguu ilimkatikia tu. Alijaribu kuinuka akaanguka tena kifudifudi kwenye matope na mawe ya barafu, akatulia.

Mama yake alikuwa nyuma ya kamba. Alikuwa ameushika mdomo kwa mikono miwili na blanketi limemwanguka miguuni. Hakuvuka. Alikuwa ameambiwa kwamba akivuka mtoto wake ametolewa, naye bado alikuwa akitumaini atainuka. Waamuzi walikuwa mbali, kwenye meza yao chini ya turubai, wakihangaika na mvua. Mtu aliyevuka alikuwa baba yangu.

Nilimpita mvulana yule huku baba yangu akiwa amepiga magoti kando yake. Nilifika wa kwanza. Nikageuka kutafuta blanketi langu, nikaliona likizungushwa kwenye mwili wa mtoto wa mtu mwingine, mstari mwekundu ukiwa juu, na baba anamsugua kifua kwa nguvu, vile alivyokuwa akiwasugua ndama waliozaliwa usiku wa baridi. Mvulana akakohoa. Mama yake akapata miguu, akaja mbio. Mimi nilisimama peke yangu kwenye mstari wa mwisho, maji yakinitiririka, meno yakigongana, mpaka mwalimu akaja akanivika koti lake.

Waamuzi walisema sheria ni sheria. Mzazi amevuka, mtoto wake ametolewa. Mwalimu wetu alibishana nao mpaka sauti ikamkauka, akasema sheria iliwekwa kwa ajili ya mtoto aliyeanguka, si dhidi yake. Hawakumsikiliza. Aliyekwenda Nakuru alikuwa mvulana aliyefika baada yangu, na simlaumu, alikimbia vizuri.

Tulirudi nyumbani giza limeshaingia, baba mbele na mimi nyuma. Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena. Sikuomba msamaha kwa hasira ile wakati huo na siombi leo. Nilikuwa mtoto na nilikuwa na haki ya kusubiriwa. Tulipofika kwenye lango la shamba nikamuuliza, "Baba, mbona hukunifunika mimi?"

Alisimama. Akaniangalia kana kwamba swali lilikuwa geni kwake.

"Wewe ulikuwa umesimama," akasema, na akaendelea kutembea.

Ng'ombe walikuwa wamelia jioni nzima na viwele vimejaa. Kesho yake nyapara alikuja mlangoni. Juma lile lile tulipanda lori la viazi kuteremka Nakuru, mama na kichanga mbele, sisi na nyanya juu ya magunia. Mjomba aliyefanya kazi reli alitupisha kwenye chumba chake kimoja. Baba akawa mbeba mizigo. Sikuingia shule ya juu. Nilijifunza useremala, na useremala haujanitupa.

Mwaka jana nilipanda Molo kuangalia. Shamba limekatwa vipande, kila kipande kina mwenyewe na viazi vyake. Pareto haionekani. Shule ya mbao haipo, na palipokuwa na kamba yetu pana ghala la mabati. Nilimuuliza kijana mmoja kama amewahi kusikia habari za mbio za blanketi. Akaniambia, "Mathe alikuwa anasema, lakini mimi nilidhani ni story tu." Mwalimu wetu alishakufa. Nyanya, mama na baba wote wamelala makaburini Nakuru, mbali na magharibi walikotoka.

Nimewaona wazazi wengi wakiwashangilia watoto wao, na nimeshangilia wangu mpaka nikapoteza sauti. Baba yangu hakunishangilia hata mara moja. Hakuwahi kuniambia nimefanya vizuri, si siku ile, wala nilipooa, wala nilipomtengenezea kitanda alichofia. Aliniambia neno lile moja tu langoni, na nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sifa. Limenitosha miaka mingi. Kuna siku tu, hasa za baridi, ambapo halinitoshi.