Kiti Kimoja, Wapiga Makasia Wawili

Dafrosa hana unyenyekevu wa bandia. Muulize kama anajua kupiga makasia, atakujibu, "Tena sana." Alizaliwa Dresden, mama Mjerumani, baba Mhaya wa Bukoba aliyekwenda huko kusomea uhandisi akanogewa. Watu wa Alby, kitongoji cha Stockholm, Uswidi, anakoishi siku hizi, humtania kwamba mikono ni ya mama na majivuno ni ya baba. Kwa miaka minane alishindana akiwa na jezi ya Ujerumani, na medali zake zimo ndani ya kopo la biskuti juu ya friji.

Jambo moja tu hajivunii. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, yeye na rafiki yake Anke waligombea kiti kimoja kwenye mashua ya mashindano ya dunia. Kipimo chenyewe hakina siri: mashua mbili hushindana, wawili hao hubadilishana viti, kisha mbio hurudiwa. Anayeipa kasi kila mashua anayokaa ndiye mwenye kiti. Dafrosa alimwonea Anke huruma, akalegeza mkono. Anke akapata kiti, akaenda, akarudi, kisha akaja kujua kwamba aliachiwa. "Umeninyima kujua kama ningeweza," alimwambia. Hawajazungumza tena, mwaka wa ishirini na moja huu.

Jumamosi moja ya Mei, Ziwa Mälaren likiwa limetulia, kocha wa klabu yake ya Stockholm alitangaza kwamba kimebaki kiti kimoja kwenye mashua ya wanane. Waliokigombea ni Dafrosa na Clare, Mganda wa Rinkeby, kitongoji kingine cha jiji hilo, ambaye Dafrosa mwenyewe ndiye aliyemleta klabuni na kumfundisha kushika kasia. Clare alikuwa amekitamani kiti hicho tangu theluji ianze kuanguka. Dafrosa alijua, na moyo ulimuuma kweli.

Mbio za kwanza, mashua ya Dafrosa ilishinda. Wakabadilishana viti. Safari hii mashua aliyoiacha, alimo sasa Clare, ndiyo iliyotangulia. Hapo mkono ukataka kulegea wenyewe. Njia ya kulegea uliijua. Dafrosa akauma meno. Akavuta kwa miguu, kwa mgongo, kwa kila ugali aliowahi kula. Mpiga makasia hukaa akitazama alikotoka, kwa hiyo anayeshinda ndiye anayemwona mwenzake. Polepole mashua ya Clare ikaingia mbele ya macho yake, yote, ikizidi kubaki nyuma.

Gatini, Clare aliketi akihema, kichwa magotini. Dafrosa akamsogelea.

"Banange, jamani, dada," Clare alisema. "Umevuta yote?"

"Yote."

"Hukunionea huruma hata kidogo?"

"Nilikuonea. Ila sikukupunguzia."

Clare akainua uso, macho mekundu, akanyoosha mkono asaidiwe kusimama. "Basi vizuri. Sasa najua nimebakiza kiasi gani kukufikia."

Aliyeangua kilio ni Dafrosa.